Kiwambo cha Kompyuta Kinapozimika

Neno kiwambo latokana na kitenzi kuwamba, yaani kutandaza na kukaza ngozi juu ya ngoma. Ngoma isipolia vema, mpigaji huchunguza ngozi, kamba na mzinga, kimoja kimoja. Vivyo hivyo, kiwambo cha kompyuta kikiwa cheusi, huchunguzwa vitu vitatu: kiwambo chenyewe, waya wa picha, na kompyuta.

Jambo la kwanza ni kutoizima kompyuta kwa pupa. Giza la kiwambo si dalili kwamba kazi imepotea. Ikiwa feni yavuma na taa ya kompyuta yawaka, huenda tasnifu ya mwanafunzi ingali wazi ndani yake. Kama tasnifu hiyo ilikwisha kupewa jina, na programu ya kuandikia ndiyo iliyokuwa ikitumiwa, kubonyeza Ctrl na S kwa pamoja kwaweza kuihifadhi bila kuiona.

Kisha hutazamwa taa ya kiwambo. Isipowaka, kasoro itafutwe katika umeme: swichi, waya na soketi. Ikiwaka, na kiwambo kikatangaza kwamba hakipokei ishara, waya wa picha uchomolewe na kukazwa upya pande zote mbili. Kiwambo bapa ambacho picha yake huonekana kwa kumulikwa tochi tu kimepoteza taa yake ya nyuma.

Rangi nazo hutoa ushahidi. Plagi ya VGA ina nafasi za pini 15. Tatu miongoni mwazo hubeba nyekundu, kijani na buluu. Buluu ikikatika, weupe hugeuka manjano. Hapo wa kulaumiwa kwanza ni waya.

Kukiwa na mistari, ichukuliwe nakala ya picha ya kiwambo, ifunguliwe katika kompyuta nyingine. Mistari ikionekana humo pia, kasoro imo ndani ya kompyuta ya kwanza. Isipoonekana, yaelekea imo katika kiwambo au waya.

Viwambo vya kale vyenye mgongo mkubwa visifunguliwe na asiye fundi, kwani huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Mwisho, kiwambo kinachoshukiwa kiunganishwe na kompyuta iliyo nzima, kwa waya mwingine. Kikionyesha picha safi, idara haina haja ya kununua kipya.