Bi Mkubwa na karatasi za utafiti

Haya wajukuu, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Yupo Bi Mkubwa wa Mbagala, Dar es Salaam. Nimemtunga mwenyewe, ila wenye maswali kama yake ni wengi.

Bi Mkubwa ana saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu Tanzania. Alfajiri hupanda daladala Rangi Tatu hadi Posta, kisha huenda Ocean Road, hospitali ya saratani iliyo kando ya bahari, kwenye jengo walilolijenga Wajerumani mwaka 1897. Siku moja muuguzi akamwita pembeni. "Mama, kuna utafiti wa dawa. Unaweza kushiriki ukipenda." Akampa karatasi za Kiswahili, kurasa kadhaa. Mwishoni kuna nafasi ya sahihi. Asiyejua kuandika huchovya dole gumba kwenye wino, shahidi akiwa hapo hapo.

Alifurahi, akaogopa, akaudhika, yote kabla hajafika kituoni. Alifurahi kwamba atafuatiliwa kwa karibu. Akaogopa: "Wanataka kunifanyia majaribio mimi?" Msicheke. Wazee wa Pwani wamekua wakisikia habari za mumiani, watu waliosemwa kunyonya damu za wenzao ili zitengenezwe dawa. Enzi za mkoloni hata watu wa zimamoto walishukiwa. Aliyelelewa na hadithi hizo akiambiwa "tutachukua damu kidogo", moyo hautulii upesi.

Mwanawe wa Mwananyamala akapiga simu. "Mama, weka sahihi, dawa mpya ndiyo nzuri." Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ingekuwa imeshajulikana ni nzuri, utafiti wa nini? Ndiyo maana hupigwa kura: wengine hupewa dawa mpya, wengine matibabu ya kawaida, na daktari hachagui. Mkigawana timu za chandimu, nahodha mmoja akajizolea wachezaji wote hodari, mtajuaje kama ameshinda kwa mbinu zake?

Bi Mkubwa hakuridhika. "Uhai wangu mnaupigia kura?" Mimi simlaumu. Kura ni haki kwa hesabu, lakini anayeumwa hataki hesabu, anataka kupona.

Ulinzi upo. Utafiti wa namna hii hupitiwa kwanza na kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na dawa yenyewe hupata kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mgonjwa anaweza kujitoa siku yoyote, na matibabu yake ya kawaida yakaendelea. Ila Bi Mkubwa alirudi na swali moja: "Utafiti ukiisha, na dawa ikawa imenifaa, nitaipata wapi?" Kwangu mimi hilo linazidi maswali yote ya maprofesa, na jibu lake liwe limeandikwa kwenye karatasi zile zile kabla ya mtu kuchovya kidole.

Mnadhani haya ni mambo ya watu wazima tu? Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Uganda, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo Mulago, Kampala, na watoto wa huko wakatibiwa kwa dawa kadhaa zilizochanganywa, zikipimwa ipi inafaa. Wapo waliopona, na madaktari wa nchi nyingine wakajifunza kwao.

Karibu zaidi na nyumbani, kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa Mwanza wa miaka 9 hadi 14, wazima wa afya, waliingia kwenye utafiti wa chanjo ya saratani hii hii ya Bi Mkubwa. Wazazi waliridhia, na wasichana wenyewe wakaulizwa. Kura ikawagawa: dozi moja, mbili au tatu. Dozi moja ikaonekana kuamsha kinga ya kutosha. Mwaka 2024 Tanzania ikaanza kuchanja wasichana kwa dozi moja. Kwa hiyo kama dada yako wa Temeke alichomwa sindano mara moja tu, akaambiwa yatosha, ni kwa sehemu kwa kuwa wasichana wale walikubali kurudi kutolewa damu, mwaka baada ya mwaka.