Mfupa wa Kisiwani Usidharauliwe

Mfugaji wa Igurwa, wilayani Karagwe, akiokota pembe porini haoni taabu kusema ni ya mnyama gani. Lakini iko pembe iliyochimbuliwa katika kisiwa cha Ziwa Viktoria ambayo iliwatatiza hata mabingwa.

Pembe hiyo ilitoka Maboko, kisiwa kidogo cha Ghuba ya Winam, nchini Kenya. Ilikuwa na vitawi vifupi, mfano wa miiba kwenye shina. Mwaka 1936 mtaalamu D. G. MacInnes alimtangaza mwenye pembe hiyo kuwa aina mpya ya ayala wa kale, akampa jina la Climacoceras, maana yake kwa Kigiriki ni pembe za ngazi. Lilikuwa jambo la kustaajabisha, kwani kusini ya Sahara hakuna ayala wa asili.

Ayala huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Pembe za Maboko hazina dalili ya kuanguka hivyo. Mwaka 1978 W. R. Hamilton alimweka mnyama huyo katika ukoo wa karibu na twiga. Kumbe aliyedhaniwa mgeni alikuwa jamaa wa mnyama wa taifa letu!

Aliishi miaka ipatayo milioni 15 iliyopita, kabla ziwa lenyewe halijakuwapo. Hapa nchini nako, Bonde la Olduvai limetoa mifupa ya Sivatherium, jamaa mwingine wa twiga, aliyekuwa na mwili mkubwa na pembe nzito.

Hatusemi kwamba kila jiwe la Bumbire au Goziba lina mfupa ndani yake. Tunasema kwamba habari hizi zote zilitokana na vipande ambavyo mchimba kisima angeweza kuvitupa, au mwashi kuvijengea msingi. Kipande kikisha kuvunjwa, au kuondolewa bila kuandikwa mahali kilipotoka, ushahidi wake umepotea.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mabaki ya namna hii. Kwa hiyo mwananchi anayekuta mfupa uliogeuka jiwe auache ulipo, akatoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji. Nao viongozi wasiipuuze taarifa hiyo, bali waifikishe upesi kwa wataalamu wa mambo ya kale. Mwananchi aliyepuuzwa mara moja hatarudi mara ya pili.