Binti Mwenye Haya Anapoingia Chuo Kikuu
Akina mama wenzetu, binti aliyezoea kengele ya shule na mwalimu anayemjua kwa jina, akifika Mlimani, Dar es Salaam, hukuta ukumbi wenye mamia ya wanafunzi. Mwenye haya huogopa kuuliza jaribio ni lini, akalikosa. Nazo alama zake hujumlishwa na za mtihani wa mwisho. Tukimwambia, "Changamka!" twamzidishia aibu. Tumshauri hatua ndogo: akae mstari wa mbele, amsalimu jirani yake, aulize swali moja katika semina, ambako wanafunzi ni wachache. Tukimpigia simu, tusiulize alama tu. Tumwulize amekula na nani. Akijibu "peke yangu" kila mara, tusingoje likizo. Twende tukamwone.