Neno "Ngoma" na Matumizi Yake

Katika maneno ya Kiswahili yahusuyo nyimbo na michezo, ni machache yaliyo mepesi kutamkwa na mazito kutumiwa kama neno ngoma. Mtoto hulijua kabla hajaingia shule, na kwa sababu hiyo sisi waalimu hatuoni haja ya kulifundisha. Hapo ndipo tunapokosea.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wenzetu. Zamani tulimwandikia kasisi wetu ya kuwa mama mmoja wa ushirika alionekana katika ngoma usiku. Kasisi akafahamu kuwa ni ngoma ya pepo, na mama yule akazuiwa meza ya Bwana muda wa miezi mitatu. Kumbe alikuwa amekwenda arusini kwa mwana wa ndugu yake. Habari tuliyoandika ilikuwa kweli, lakini sentensi yetu haikusema ngoma gani. Kosa lilikuwa letu, na aliyeadhibiwa ni mwingine. Basi, yafaa tulichambue neno hili maana kwa maana.

Maana ya kwanza ni chombo: gogo lililochongwa likawa wazi ndani, likawambwa ngozi. Ngozi ikilegea hupashwa moto ili ikazike. Tena kila ngoma ina jina lake: msondo ni ndefu, chapuo ni ndogo, na vumi ni ile yenye sauti nene. Kwa maana hii twasema kuwamba ngoma, kupiga ngoma, ngoma inalia, ngoma inavuma. Mithali isemayo "Ngoma ivumayo haidumu" yasema habari za chombo, kwa kuwa kipasukacho ni ngozi.

Maana ya pili ni mchezo wenyewe, yaani mwendo wa miguu na mwili kwa kufuata mapigo. Hapa kitenzi ni kucheza. Apigaye ni mpiga ngoma, achezaye ni mcheza ngoma, na watu hao ni wawili. Mwanafunzi aliyezoea Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja hutumika kwa mpira na kwa vyombo vya muziki, huandika "Juma anacheza ngoma" akikusudia kwamba Juma ameshika vijiti. Msomaji Mswahili humwona Juma uwanjani, akitikisa mabega. Aandike "Juma anapiga ngoma," kama tusemavyo kupiga zeze, kupiga marimba na kupiga kinanda. Kitenzi kucheza chaweza hata kusimama peke yake, kama katika mithali "Mcheza kwao hutunzwa." Mcheza huyu ni mcheza ngoma, na kutunzwa hapa si kulindwa, bali kupewa zawadi na watazamaji, ambao ni jamaa zake.

Maana ya tatu ni mkutano wa watu waliokuja kucheza, kuimba na kutazama. Kwa maana hii twasema kwenda ngomani, ngoma imeanza, ngoma imevunjika. "Ngoma ya watoto haikeshi" ni mithali ya mkutano, maana chombo hakikeshi wala hakilali. Wakeshao ni watu. Maana hii ina nguvu hata jina la ngoma lapewa mchezo usiotegemea ngoma za kienyeji. Beni, iliyoenea pwani tangu mwisho wa karne ya 19, ikazidi kuingia bara wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, ilifuata mfano wa bendi za askari na tarumbeta zao. Hata hivyo watu waliiita ngoma.

Maana ya nne ni ada inayofanywa pamoja na mapigo hayo: ngoma ya unyago, ngoma ya arusi, ngoma ya kupunga pepo. Hapa neno ngoma peke yake halitoshi kamwe. Lazima lifuatwe na jina la ada, kwani baina ya arusi na kupunga pepo pana umbali mkubwa.

Wingi huu wa maana haukuzuka pwani tu. Neno hili ni la Kibantu cha kale, na ndugu zetu wanalo. Katika Kirundi, ingoma ni chombo, na pia ni ufalme. Mfalme wa Burundi alikuwa na ngoma takatifu iitwayo Karyenda, mpaka ufalme ulipokoma mwaka 1966. Katika Kizulu, ingoma ni wimbo. Kwa hiyo mwalimu aliyehamia kutoka nchi nyingine asidhani kwamba maana ya kwao ndiyo ya Kiswahili.

Sasa tutoe kanuni tatu za kutumia darasani. Kwanza, kitenzi kionyeshe maana: kuwamba na kupiga ni vya chombo, kucheza ni cha mchezo, kwenda, kukesha na kuvunjika ni vya mkutano. Pili, ikiwa ni ada, itajwe. Tatu, upatanisho uangaliwe, kwa kuwa neno lenyewe halibadiliki katika wingi: "Ngoma hii imepasuka" ni moja, "Ngoma hizi zimepasuka" ni nyingi. Wanafunzi watunge sentensi mbili mbili, kama hizi: "Baba aliwamba ngoma jana, leo watoto wanaicheza ngoma ya mavuno." "Mpiga ngoma amechoka, lakini ngoma haijavunjika."

Kanuni hizi zina faida mimbarani pia. Ahubiriye kwamba kucheza ngoma ni dhambi, bila kusema ngoma ipi, ataulizwa na watoto wa shule juu ya Miriamu na matari yake, na juu ya Daudi aliyecheza mbele ya sanduku la Bwana. Ikiwa akatazalo ni kupunga pepo, aseme kupunga pepo. Ikiwa ni ulevi wa usiku, aseme ulevi. Asiitwike ngoma mzigo usio wake.

Mama yule alirudishwa mezani baada ya sisi kwenda kwa kasisi na kumweleza kwa kinywa yale ambayo kalamu yetu iliyaacha. Neno moja tu, arusi, lingalitosha tangu mwanzo.