Je, Wajua? Shinikizo la Boila Hupoteaje?

Je, wajua ya kuwa katika nyumba za Uingereza, ambako maji hupashwa ndani ya boila na kuzungushwa kwa mabomba hadi rejeta za ukutani, mshale wa geji ulioshuka si lazima uwe dalili ya bomba lililotoboka? Mtambo ukiwa baridi, mshale hukaa baina ya baa 1 na 1.5, basi ukiwa hupanda upesi kuelekea 3 moto uwashwapo, kisha huanguka mtambo upoapo, mtuhumiwa wa kwanza ni tangi dogo la upanuzi, ambalo ndani yake utando wa mpira hutenga maji na hewa, nayo hewa ndiyo mto unaoyapokea maji yatanukapo kwa harara. Hewa hiyo ikipungua, vali ya usalama hufunguka, na maji humwagika nje ya ukuta pasipo mtu kuona.

Ama mshale ukishuka polepole tu, fundi huzima mtambo na kufunga vali zilizo chini ya boila usiku kucha: geji isiposhuka, uvujaji umo mabombani au katika rejeta. Nami husikitika nionapo watu wakiongeza maji kila juma bila kuuliza yaendako, maana maji mapya huleta oksijeni, nayo huila rejeta ya chuma kwa ndani.