BAADA YA KUNYONYWA MAFUTA: MAMBO YA KUTARAJIA NYUMBANI

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona: upasuaji wa kunyonya mafuta mwilini. Zamani tulidhani ni mambo ya wacheza sinema wa ng'ambo. Siku hizi hufanywa hapa Nairobi, na anayefanyiwa huenda ni dada yako, shemeji yako, au wewe mwenyewe baada ya kuzaa watoto watatu na tumbo likakataa kurudi. Hatukuja kumhukumu mtu. Tunataka mgonjwa akifika nyumbani, wewe unayemtunza ujue lipi ni la kawaida na lipi ni la kukimbiza hospitali usiku huo huo.

Kwanza ujue kazi yenyewe inavyofanywa. Daktari hutoboa matundu madogo kwenye ngozi, kisha humimina ndani maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini ya kubana mishipa ya damu. Njia hii ilielezwa mwaka wa 1987 na daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, na ingali inatumika sana. Halafu huingiza mrija mwembamba, akausukuma mbele na nyuma huku mafuta yakinyonywa. Kwa nje utaona matundu tu, lakini ndani kuna kidonda kipana. Tundu dogo lisikudanganye.

Usiku wa kwanza ndio huwatisha watu. Yale maji yaliyomiminwa lazima yatoke, na hutoka kupitia matundu hayo kwa siku moja, mbili, hata tatu. Rangi yake ni kama maji yaliyosuuza nyama. Tandika karatasi ya nailoni kitandani, juu yake leso kuukuu au taulo, na uzibadilishe zikilowa. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni damu nzito, nyekundu kabisa, inayojaza taulo moja baada ya nyingine. Hapo mpigie daktari mara moja. Na kabla mgonjwa hajaondoka kliniki, hakikisha umepewa nambari ya simu ambayo mtu ataijibu hata saa nane usiku.

Maumivu yake ni kama ya mtu aliyelima shamba kubwa bila kuzoea. Siku tatu au nne za kwanza ndizo mbaya, kisha hupungua. Mpe dawa alizoandikiwa peke yake. Usimwongezee aspirini au ibuprofeni ya dukani bila daktari kukubali, kwa kuwa zinaweza kuzidisha kutokwa na damu.

Mama, hapa nakuomba unisikilize vizuri. Sisi tumezoea kumkanda mzazi kwa maji moto, na mgonjwa akilalamika tumbo ni gumu, mkono huenda wenyewe kwenye birika. Usimkande! Ngozi iliyonyonywa mafuta huwa imekufa ganzi kwa wiki nyingi, pengine miezi. Hawezi kuhisi kwamba maji yanamchoma. Atakwambia "endelea tu, sisikii kitu," na kesho yake mtaona malengelenge. Chupa ya maji moto pia iweke mbali.

Atapewa vazi la kubana, na wengi huambiwa walivae usiku na mchana kwa wiki nne hadi sita, wakilivua kwa kuoga tu. Linasaidia kupunguza uvimbe. Linyooshe vizuri lisiwe na mikunjo, maana mkunjo huacha alama mwilini. Likimfanya ashindwe kupumua vizuri au vidole vya miguu vife ganzi, limebana kupita kiasi, uliza daktari. Siku ya kwanza ya kulivua, mwekee kiti na usimwache bafuni peke yake. Vazi likiachilia ghafla, damu hushuka miguuni na wengi huzimia hapo hapo.

Asilale tu siku nzima kwa kuonewa huruma. Tangu siku ya kwanza atembee hatua chache chumbani, tena na tena, ili damu isigande miguuni. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyetoka Kisumu au Mombasa asikimbilie basi kesho yake kwenda kukaa kitini saa nyingi. Akae karibu na daktari wake mpaka aruhusiwe. Anywe maji na supu, ale ndengu, mayai na mboga. Huu si wakati wa kujinyima chakula.

Uvimbe na weusi kama wa kupigwa hukaa wiki mbili au tatu, na huteremka. Aliyefanyiwa tumboni anaweza kuvimba sehemu za siri, naye akaona haya kusema. Mwambie mapema. Mwambie pia asipande mizani wiki hizo, kwa kuwa maji mwilini yanaweza kuonyesha kilo zimeongezeka. Wengi hulia wiki ya pili wakiona pesa zimeenda na tumbo limevimba, lina mabonde na vinundu. Umbo lenyewe huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Mtoto mzito asimbebe mpaka daktari aseme, na hilo ni gumu kwa mama mwenye mtoto mdogo, kwa hivyo tafuteni msaidizi mapema.

Sasa hatari. Akianza kuhema ghafla, kifua kikimuuma, akikohoa damu au akichanganyikiwa, donge la damu au mafuta huenda limefika mapafuni. Usingoje asubuhi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, nenda. Tumbo likiwa gumu kama ubao huku akitapika, nenda, kwani mrija unaweza kutoboa utumbo. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, ngozi nyekundu inayoenea au kugeuka nyeusi, usaha, harufu mbaya, joto la mwili kufika digrii 38: yote hayo ni ya hospitali.

Wengi hukwama kwenye siri. Mume hajui, mama mkwe hajui, kwa hivyo homa ikianza inaitwa malaria na mtoto anatumwa duka la dawa. Au anafikishwa hospitali, anasema tumbo linauma tu, na daktari wa zamu anapoteza saa nzima akitafuta kitu kingine. Majirani si lazima wajue, lakini daktari lazima ajue. Andika kwenye karatasi siku aliyofanyiwa, mahali, sehemu za mwili zilizonyonywa, dawa anazotumia na nambari ya daktari wake. Ikunje, uiweke pamoja na kitambulisho chake, na mtu mmoja zaidi nyumbani ajue ilipo.