Mzoeshe kushikwa angali mdogo

Mtoto wa mbwa aliyeletwa leo Katindiuka au Viwanja Sitini, hapa Ifakara, atalia usiku. Amezoea kulala amebanana na mama na ndugu zake. Wengi humfungia jikoni mpaka anyamaze, wakidhani ameshazoea. Kumbe amechoka kulia tu, na hofu iko palepale. Mlaze kwenye boksi lenye khanga kuukuu karibu na mlango wa chumba chako, akusikie ukijigeuza. Akiamka saa nane usiku, mtoe akojoe, umrudishe bila michezo.

Asitengwe na mama kabla ya wiki nane. Mwanzoni ale alichozoea huko alikotoka, mara tatu au nne kwa siku. Ukoko wa wali uliolowekwa kwenye supu ya dagaa unamfaa, ila usitie kitunguu, ni sumu kwake. Dawa ya minyoo isicheleweshwe: mbwa wengi huzaliwa na minyoo, nayo huweza kuwaingia watoto wa nyumbani.

Lakini ninalolisisitiza zaidi ni mikono. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapojifunza kipi ni cha kawaida na kipi cha kuogopwa. Kila siku mguse masikio, mfungue mdomo, mwinue mguu mmoja mmoja, mvishe kamba shingoni, kisha mpe dagaa. Asikie bodaboda na mashine ya kukoboa mpunga, mkiwa mbali kidogo kwanza.

Hapa kwetu hilo ni suala la uhai. Mwaka 2010 ulianza mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini-mashariki mwa Tanzania, lengo likiwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Siku ya chanjo, mbwa wengine hubaki nyumbani kwa sababu hakuna awezaye kuwashika. Wengine huachwa eti bado wadogo, ilhali kwenye kampeni hata wenye umri chini ya miezi mitatu huchanjwa. Wapelekeni.

Ukiweza kuchagua wakati, mchukue baada ya mavuno. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, na huko kuna kupe na mbung'o. Kumwacha nyumbani peke yake nako ni kumrudisha kwenye hofu ileile. Baada ya mavuno mpo nyumbani, na chenga za mchele hazikosekani.